Roboti za Kumrudisha Mgonjwa Miguuni: Kliniki za Dunia Zimeungana, Sisi Tumekaa Wapi?

Wadau, mada ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuteni viti. Inahusu jambo ambalo karibu kila ukoo umeligusa. Mtu anaanguka ghafla, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinakuwa kama si vyake: kiharusi. Au kijana wa bodaboda anagongwa, uti wa mgongo unaumia, na kuanzia siku hiyo maisha yake ni kitanda na kiti cha magurudumu. Madaktari wanaokoa uhai, mgonjwa anaruhusiwa, halafu familia inabaki sebuleni na swali moja tu: huyu atatembea tena?

Siku hizi swali hilo lina jibu linalosambaa haraka kuliko daktari yeyote. Ni video. Utaziona kwenye WhatsApp: mtu aliyepooza amefungwa kwenye vyuma vyenye mota, anapiga hatua, watu wanapiga makofi, wengine wanalia. Chini yake mtu ameandika, "Wenzetu wameshafika mbali." Na kweli wapo wanaouza kiwanja ili wampeleke mzee ng'ambo akafungwe kwenye mashine hizo.

Sasa hebu tujiulize kwa utulivu. Mashine hizi zinafanya kazi kweli? Nani amezipima, na kwa namna gani? Na je, hospitali ya mkoa ikipewa moja kama msaada, ifurahi au ishike kichwa?

TEKE LA SÃO PAULO

Tuanze na tukio ambalo wapenda soka wengi waliliona bila kujua wameona nini. Tarehe 12 Juni 2014, siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia huko São Paulo, Brazil, kijana aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini aligusa mpira kwa mguu akiwa amevaa fremu ya vyuma. Kichwani alikuwa na kofia yenye vinasa umeme vya kusoma mawimbi ya ubongo. Mradi uliitwa Walk Again, ukiongozwa na Miguel Nicolelis, mwanasayansi wa Brazil aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ndani yake kulikuwa na wataalamu wa nchi kadhaa. Ngozi ya bandia yenye vihisio, kwa mfano, ilitoka kwa watu wa Munich, Ujerumani.

Televisheni ilionesha tukio lile kwa sekunde chache tu, kisha kamera zikaenda kwingine. Wengi walilalamika: pesa zote zile kwa teke dogo namna ile?

Lakini habari yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 2016, wenzao walipochapisha kilichotokea kliniki. Watu wanane waliopooza kwa miaka mingi walifanya mazoezi kwa mwaka mzima: kofia ya ubongo, picha za kompyuta, fremu ya roboti, pamoja na mazoezi ya kawaida. Wote walipata nafuu fulani ya kuhisi au kukaza misuli chini ya pale walipoumia. Nusu yao, yaani wanne, walihamishwa kutoka kundi la "wamepooza kabisa" kwenda "wamepooza kwa sehemu". Hilo si jambo dogo.

Sasa angalia upande wa pili wa shilingi. Watu wanane. Hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo. Je, nafuu ililetwa na roboti, na kofia, au na mwaka mzima wa mazoezi makali chini ya wataalamu wanaokuangalia kama yai? Kwa watu wanane huwezi kujua. Hapa ndipo ushirikiano wa kliniki nyingi unapoingia.

KWA NINI KLINIKI MOJA HAITOSHI

Ubongo ukiumia, sehemu ya nafuu huja yenyewe, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo chochote utakachompa mgonjwa kipindi hicho, iwe roboti, mafuta ya kuchua au maji ya baraka, kitaonekana kimefanya kazi. Halafu mtaalamu aliyenunua mashine kwa bei kubwa naye ni binadamu, anataka kuona imefanya kazi. Mgonjwa naye, kwa heshima, hataki kumwangusha mtaalamu.

Dawa ya haya yote inajulikana. Unachukua wagonjwa wengi, unawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja linapata mashine na jingine linapata huduma ya kawaida au mazoezi ya muda uleule bila mashine. Anayewapima mwishoni haambiwi nani alikuwa kundi gani. Tatizo ni kwamba hakuna kliniki moja yenye wagonjwa wa kutosha wanaofanana. Ndiyo maana kliniki za miji na nchi tofauti zinaungana, zinakubaliana mpango mmoja, fomu zilezile na kipimo kilekile. Ni kazi ya kuchosha, haina makofi, na haifai kuwekwa kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia. Lakini ndiyo inayotoa majibu.

Na majibu yenyewe, wadau, yametikisa watu.

MAJIBU AMBAYO HAYAKUTARAJIWA

Mfano wa kwanza hauna roboti hata moja, ila nauweka mbele kwa sababu unaonesha nguvu ya jambo hili. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani mapema sana na mara nyingi, atapona vizuri zaidi. Inaingia akilini kabisa. Taasisi ya Florey ya Melbourne, Australia, chini ya Julie Bernhardt, iliongoza utafiti ulioitwa AVERT: wagonjwa 2,104, hospitali 56, nchi tano, yaani Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walioinuliwa mapema na kwa nguvu, asilimia 46 walifikia hali nzuri baada ya miezi mitatu. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Yaani bidii iliyozidi katika saa 24 za mwanzo ilipunguza nafasi ya kupona vizuri!

Msinielewe vibaya. Hakuna aliyesema mgonjwa aachwe alale wiki nzima. Hata kundi la kawaida lilianza kuinuliwa ndani ya siku moja hivi. Kilichoonekana ni kwamba mwanzoni inafaa kidogokidogo, si kumkimbiza mtu. Lakini fikiria: bila hospitali 56 kuungana, wataalamu wangeendelea kuamini walichokuwa wanaamini, kwa nia njema kabisa, na wagonjwa wangeendelea kuumia.

Mfano wa pili ndio wa roboti. Kuna mashine iliyobuniwa chuo cha MIT, Marekani, inaitwa MIT-Manus. Mgonjwa anafunga mkono wake kwenye mkono wa mashine, anafuata alama kwenye skrini, na mashine inamsaidia pale anaposhindwa. Waingereza wakaipima katika utafiti ulioitwa RATULS, wagonjwa 770, vituo vinne, matokeo mwaka 2019. Makundi yalikuwa matatu: roboti, mtaalamu wa kawaida anayefanya mazoezi ya ziada kwa muda uleule wa dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, na huduma ya kawaida tu. Waliofanikiwa kuutumia mkono kwa kiwango kilichowekwa walikuwa asilimia 44 kwa roboti, 50 kwa mtaalamu wa ziada na 42 kwa huduma ya kawaida. Kitakwimu tofauti hizo hazikutosha kusema roboti imeshinda yeyote.

Kwa lugha ya mtaani: mashine ya bei mbaya ilitoka sare na huduma ya kila siku.

SASA NDIYO TUSEME MASHINE NI UONGO?

Hapana. Hilo nalo litakuwa kosa, na najua kuna wadau watakaolikimbilia.

Chukua mashine za kufundisha kutembea, zile za kumning'iniza mgonjwa kwa mikanda huku miguu ikisogezwa. Mwaka 2020 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 62 zenye watu 2,440. Walikuta kwamba mashine ikiunganishwa na mazoezi ya mtaalamu, wagonjwa wengi zaidi wanarudi kutembea wenyewe bila kushikwa. Lakini wanaofaidika zaidi ni wale walio ndani ya miezi mitatu ya mwanzo na ambao hawawezi kutembea kabisa. Mzee aliyepooza miaka mitano iliyopita na anayetembea na mkongojo siye aliyekusudiwa. Sasa ni familia ngapi zinauza kiwanja mwaka wa tano?

Chukua pia kifaa cha kusisimua neva ya vagasi. Kinapandikizwa kifuani, waya unapanda hadi shingoni, na kila mgonjwa anapofanya tendo la mazoezi kinatuma mshtuko mdogo unaousaidia ubongo kujifunza. Kliniki 19 za Marekani na Uingereza zilikijaribu kwa watu 108 waliokuwa na mkono dhaifu muda mrefu baada ya kiharusi. Wote walipandikizwa, ila nusu yao kifaa hakikutoa msisimko wa kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Miezi mitatu baada ya mazoezi ya kliniki kuisha, asilimia 47 ya waliopata msisimko walikuwa na nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 24 ya wenzao. Agosti mwaka huohuo mamlaka ya Marekani, FDA, ikakiruhusu.

Kwa waliovunjika uti wa mgongo, yupo Grégoire Courtine na wenzake wa Lausanne, Uswisi. Kazi yao ilizaa kampuni, na kampuni hiyo ikatengeneza kifaa kinachopitisha umeme kwenye ngozi ya shingo bila upasuaji, kwa watu ambao mikono yao imepooza. Vituo 14 vya Marekani, Kanada na Ulaya viliungana. Watu 60 walimaliza: miezi miwili ya mazoezi peke yake, kisha miezi miwili ya mazoezi pamoja na umeme. Matokeo ya 2024: asilimia 72 waliongeza nguvu na uwezo wa kutumia mikono, akiwemo mtu aliyekuwa ameumia miaka 34 iliyopita. Desemba 2024 FDA ikakiruhusu kutumika kliniki. Hakukuwa na kundi tofauti la kulinganisha, hilo tulikumbuke. Hata hivyo, kwa mtu ambaye hawezi kushika kijiko, nafuu ya vidole viwili ni maisha mapya.

Umeona kinachojirudia? Katika kila kilichofaulu, kifaa kilipanda juu ya mgongo wa mazoezi. Wale wa neva ya vagasi walikuwa wakirudia matendo zaidi ya 300 kwa kipindi kimoja. Kifaa kinaongeza chumvi, lakini mboga ni mazoezi, na mpishi ni mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kwa kazi za mikono. Bila mpishi, chumvi utaitia kwenye nini?

NA ILE NJIA YA BEI RAHISI?

Hapa najua wengine watasema: basi yaachwe mashine, familia zifundishwe, mgonjwa afanyiwe mazoezi nyumbani na ndugu zake. Sisi Waafrika tuna familia kubwa, hilo tunaliweza.

Jamani, hata hilo limepimwa. India, hospitali 14, wagonjwa 1,250, kwa kushirikiana na taasisi ya George ya Australia. Utafiti uliitwa ATTEND na matokeo yalitoka 2017. Ndugu mmoja wa mgonjwa alifundishwa hospitalini namna ya kumfanyisha mazoezi nyumbani, akafuatiliwa kidogo. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika makundi yote mawili. Hakuna tofauti.

Hili ni jibu chungu, kwa sababu ndilo wazo ambalo kila wizara isiyo na pesa ingependa lifaulu. Na ndiyo uzuri wa ushirikiano unaofanywa kwa uaminifu: unakataa ndoto za tajiri na za maskini pia. Roboti haikumshinda mtaalamu. Na ndugu wa mgonjwa, pamoja na upendo wake wote, hakuweza kuziba pengo la mtaalamu.

Lakini vitu vya bei ndogo vinavyofaa vipo, mradi mtaalamu abaki ndani. Kule Vancouver, Kanada, Chuo Kikuu cha British Columbia walitunga mpango unaoitwa GRASP: kitabu cha mazoezi ya mkono na vifaa kama taulo, mpira mdogo na vibanio vya nguo. Mtaalamu anachagua mazoezi na kumfuatilia mgonjwa, mgonjwa anayafanya mwenyewe wodini, saa moja kwa siku. Ulijaribiwa kwa watu 103 katika hospitali nne, matokeo 2009, na mikono ilipata nafuu kuliko ya wenzao. Halafu kuna kioo. Ndiyo, kioo hikihiki cha kujitazamia! Unakiweka katikati ya mikono, unautazama mkono mzima ukicheza, na ubongo unaona kama ule uliopooza ndio unaocheza. Cochrane walikusanya tafiti 62 zenye watu 1,982 mwaka 2018 na kukuta kinasaidia kurejesha mwendo. Kioo. Fundi wa kukata vioo yupo kila mji.

TURUDI KWETU

Kwa Kiswahili cha serikali huduma hizi zinaitwa utengamao. Neno zuri, ila muulize mtu stendi utengamao ni nini, atakwambia labda ni jina la chama.

Tatizo lenyewe si dogo. Kati ya 2003 na 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza walihesabu kiharusi nyumba kwa nyumba, wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Kwa kusawazisha umri, Hai walikuta wagonjwa wapya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, karibu 316. Namba hiyo ya Dar ilikuwa miongoni mwa za juu kabisa zilizowahi kuandikwa duniani. Na kumbukeni, huo nao ulikuwa ushirikiano wa kimataifa: bila kuhesabu, tungeendelea kusema kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Wakati huohuo, wengine waliozungumza na wananchi walikuta kwamba Dar watu wengi walikieleza kuwa ni mapepo au kurogwa. Mtu wa namna hiyo anapelekwa kwanza kwa mganga, na siku zinazotumika huko ni zilezile ambazo ubongo ulikuwa unazihitaji.

Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo utengamao ungeisaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kumi! Mei 2023 mkutano mkuu wa shirika hilo ukapitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe utengamao ndani ya mifumo yao ya afya. Maazimio tunayajua, yanapitishwa kwa makofi. Lakini hilo angalau linampa mwananchi kitu cha kumshikia mbunge wake shati.

Sasa, katika hali hiyo anakuja mfadhili na kontena. Ndani kuna mashine ya kutembeza. Kuna picha, kuna utepe, kuna mkuu wa wilaya. Nini kinafuata? Mwaka 2011 watafiti wawili walikusanya orodha za vifaa tiba katika nchi 16 zenye rasilimali kidogo, vifaa zaidi ya 112,000. Karibu asilimia 38 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu si laana. Ni kukosa mafunzo, kukosa mfumo wa matengenezo, umeme na miundombinu.

Na si sisi tu. Huko Marekani kampuni ya Second Sight iliwapandikizia watu zaidi ya 350 kifaa cha jichoni cha kuwasaidia vipofu waone mwanga na maumbo. Mwaka 2019 ikaamua kuachana na kifaa hicho, 2020 ikapunguza karibu wafanyakazi wote, na mwaka 2022 waandishi wa habari wakafichua kwamba watu wamebaki na chombo mwilini bila fundi wala vipuri. Kama hilo linampata mtu wa California, wewe wa Tunduru utampigia simu nani?

USHIRIKIANO UNAOACHA KITU

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo uache boksi.

Mfano mzuri tunao hapahapa. Mwaka 1981, Moshi, pale KCMC, kilianzishwa chuo cha TATCOT kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Kinafundisha watu kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo dhaifu, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika na nje ya Afrika. Wajerumani wangeweza kuleta makontena ya miguu ya plastiki. Badala yake kiliachwa chuo, na chuo kinazaa mafundi kila mwaka. Mguu wa bandia ukivunjika Singida, yupo mtu anayejua kuutengeneza.

Ndiyo maana naona swali la "lini tutapata roboti?" limekaa vibaya. Malaysia hawakusubiri wabuni mashine ndipo waingie AVERT. India hawakuwa na roboti za kutosha walipofanya ATTEND. Walikuwa na wagonjwa, wataalamu na fomu zilizojazwa kwa uaminifu, wakakaa meza moja na Melbourne na Sydney. Hospitali zetu zina wagonjwa kuliko hata wanaohitajika. Tunachokosa ni wataalamu, kumbukumbu zinazotunzwa vizuri, na kiti kwenye meza wakati swali linapotungwa, maana ukija swali limeshatungwa, wewe unakuwa mtoa namba tu.

Kwa hiyo, bodi ya hospitali yoyote ikipigiwa simu na kliniki ya ng'ambo yenye teknolojia mpya, naomba iulize haya kabla ya kukata utepe:

1. Kifaa hiki kilipimwa kwa watu wangapi, na kulikuwa na kundi la kulinganisha?
2. Kinamfaa mgonjwa wa aina gani na wa miezi mingapi? Tunao wa namna hiyo wanaotufikia mapema?
3. Nani atakiendesha, na mshahara wake utatoka wapi mradi ukiisha?
4. Umeme ukikatika au waya ukikatika, fundi yuko mji gani?
5. Kama kinapandikizwa mwilini, mkataba unasemaje kampuni ikifilisika?
6. Taarifa za wagonjwa wetu zitakuwa mali ya nani, na jina la nani litakuwa juu ya utafiti?
7. Kwa pesa hiihii, tungeajiri wataalamu wangapi wa fiziotherapia kwa miaka mitano?

Swali la saba ndilo zito. Likijibiwa vizuri na mashine bado ikashinda, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Na kwa familia yenye mgonjwa sasa hivi, ambayo haina muda wa kusubiri bodi: kabla ya kuuza kiwanja, muulizeni mtaalamu swali la kwanza na la pili. Wahini hospitali dalili zikianza, mapepo yatasubiri. Dhibitini presha, kwa sababu kiharusi cha pili huwa hakina huruma. Na msikubali mgonjwa aruhusiwe bila kuandikiwa mazoezi na tarehe ya kurudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Karatasi ya dawa mnapewa bila kuomba. Karatasi ya mazoezi nayo idaini, ni haki yenu.

Kliniki za dunia zimetumia miaka mingi na maelfu ya wagonjwa kutupatia majibu haya, na majibu hayahitaji kontena wala ushuru wa bandari. Kinachohitajika ni wizara kuyasoma inapopanga bajeti ya ajira. Je, nafasi ngapi za fiziotherapia zimetangazwa wilayani kwako? Walio kwenye sekta hii, na walio na wagonjwa nyumbani, tuambieni mnayoyaona huko mliko. Tukijua hali ilivyo wilaya kwa wilaya, mbunge hatakuwa na pa kujificha.